Propela mbele au nyuma: ipi inatumia vizuri nguvu ya injini?

Msukano: Wakuu, habari. Nataka kuagiza seti ya kujiundia ndege ya watu wawili. Imebaki michoro miwili, mmoja propela mbele, mwingine nyuma. Wa nyuma unasifiwa kwa kubana mafuta. Ni kweli?

FundiTatu: Mkuu, hapo hujasema kitu. Injini gani, spidi gani, propela ya kipenyo gani? Uwanja je?

Msukano: Nguvu farasi (hp) 100, mizunguko 2,400 kwa dakika, spidi mita 50 kwa sekunde. Ya mbele sm 170, ya nyuma sm 130. Uwanja wa changarawe.

Hewasafi: Hizo sm 40 ndizo kesi yenyewe. Kwa msukumo wa niutoni 900, propela ya sm 170 inatoa hewa kwa kama mita 56 kwa sekunde, ufanisi wa kinadharia 94%. Ya sm 130 lazima ipulize kwa 60, unashuka hadi 91%. Wakati wa kupaa, spidi ikiwa ndogo, pengo ni kubwa zaidi.

Mkiani: Unahesabu kama propela inaelea peke yake! Ya mbele inapiga bodi kwa hewa ya kasi, ukinzani unapanda. Ya nyuma inameza hewa ambayo bodi imeshaipunguza kasi, hivyo msukumo uleule unadai nguvu ndogo. Unadhani kwa nini topido zina propela mkiani?

FundiTatu: Topido haitui kwenye changarawe. Propela ikiwa nyuma, magurudumu yanarusha kokoto moja kwa moja kwenye mapanga yake. Halafu nyuma ya bawa kuna ukanda wa hewa iliyozubaa: kila panga linaukata mara mbili kwa mzunguko, yaani mara 80 kwa sekunde. Yakiwa mapanga mawili, yanaingia kwa pamoja, na kitovu kinatikisika. Panga la aluminiamu likishachubuliwa na kokoto, ufa unaanzia hapohapo. Ncha ikikatika, mizani inapotea na injini inaweza kung'oka kwenye vishikio. Ndiyo maana Long-EZ, ndege ya kujiundia iliyobuniwa na Burt Rutan, propela nyuma, kwa kawaida hufungwa ya mbao.

Mkiani: Basi afunge ya mbao, mapanga matatu.

Hewasafi: Matatu kwenye sm 130? Na injini ataipozaje ndege ikiwa chini, propela iko nyuma na silinda hazipulizwi?

FundiTatu: Mbao nazo zinasinyaa. Bolti za propela zikaguliwe baada ya saa chache za mwanzo, na kila majira yakibadilika.

Mkiani: Na zikazwe kwa torki (nguvu ya kukaza) ya mtengeneza propela, siyo ya kitabu cha injini. Wengi wanakaza hadi mbao inabonyea.

Msukano: Na za kaboni?