Nimesaini mtoto aingie kwenye utafiti wa dawa mseto, nyumbani wamekuja juu. Nimtoe au aendelee?

MamaNasra_Ujiji

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu leo leo maana hapa nyumbani hapakaliki. Kijana wangu ana miaka mitatu na nusu, jana usiku alichemka sana, asubuhi nikamkimbiza kituo cha afya wakampima kwenye kidole, malaria ipo. Kabla hajapewa dawa akaja daktari na dada mmoja wakanikalisha pembeni, wakanieleza kwamba kuna utafiti wa kuangalia kama dawa mseto bado inaua vimelea vizuri huku kwetu, mtoto atapewa dawa ileile ya siku zote ila dozi za kituoni atakunywa mbele yao, halafu arudi kesho, keshokutwa, mtondo, na siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28, kila akirudi anatobolewa kidole. Nauli wanarudisha. Nikauliza nilichoweza kuuliza, nikaona sawa, nikasaini, kapewa dozi ya kwanza palepale.

Sasa nimefika nyumbani mama mkwe hataki hata kuniona, anasema nimemuuza mjukuu wake, damu za watoto zinapelekwa Ulaya. Wifi naye kaongezea kwamba kwenye hizo tafiti wengine wanapewa vidonge vya unga mtupu ili waone nani atakufa. Baba yao yupo kambini ziwani, dagaa zimechanganya, simu inapatikana kwa bahati. Nimtoe au aendelee? Nikimtoa watanifanya nini? Na anayejua anieleze, ile karatasi nyeupe waliyodondoshea matone ya damu wakaianika ni ya nini? Maana hiyo ndo imeleta ugomvi wote, mi mwenyewe niliisimulia.

mtoto_wa_Kibirizi

Dada mtoe, usisubiri kesho. Huku kwetu walikuja watu shuleni wakachukua vinyesi na mikojo ya watoto, wakasema wanaangalia kichocho, wakaandika majina na umri na nyumba unayotoka, mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia ni wangapi walikutwa nacho wala ufukwe upi tusiogeshe watoto. Mimi sisemi ni watu wabaya, nasema tumechoka kuwa shamba, watu wanakuja kuvuna wanaondoka na gunia, mwenye shamba hata gunzi hapati. Kama utafiti ni wa faida yetu basi faida tuione.

Tabibu_Mwandiga

Pole mama Nasra, na pole kwa mama mkwe pia, anampenda mjukuu wake na ana haki ya kuuliza.

La kwanza kabla ya yote: ukimtoa au usipomtoa kwenye utafiti, DOZI AIMALIZE. Asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Nimeona watoto wanarudi wamezidiwa kwa sababu familia ililumbana vidonge vikabaki kwenye kopo. Kumtoa ni haki yako, unasema tu sitaki kuendelea, hakuna faini wala kesi, wala huwezi kunyimwa matibabu pale kituoni leo au mwakani. Hiyo imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na nakala moja unatakiwa uwe nayo wewe, kama hukupewa kesho idai.

La vidonge vya unga: kwa utafiti wa aina hii hapana. Hapa hakuna kundi la dawa na kundi la unga, kila mtoto anapewa dawa mseto, na kwa mtoto wa kilo chini ya 15 ni kidonge kimoja kila dozi, dozi sita. Kinachopimwa ni dawa, mtoto anafuatiliwa tu kuliko kawaida. Kusema kweli mtoto wako wiki hizi nne ataangaliwa kuliko mtoto yeyote wa mtaani kwenu, maana vimelea vikirudi siku ya 21 watavikuta hata kabla homa haijapanda, na atapewa dawa nyingine.

Sasa kwanini Ujiji. Wengi hawajui kwamba Ujiji ni kati ya vituo ambavyo nchi inavitumia kupimia nguvu ya dawa ya malaria, 2016 ilipimwa pamoja na Kibaha, Mkuzi ya Muheza na Mlimba kule Morogoro, na dawa ilionekana bado inafanya kazi vizuri. Wanachagua sehemu zenye malaria ya kutosha, na sisi tunayo, ule utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta Kigoma ndo inaongoza nchi nzima, karibu robo ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea.

Mnakumbuka klorokwini? Ile ya kuwashwa mwili mzima. Iliponya watu miaka na miaka halafu vimelea vikaizoea, ikafika mahali mtoto anamaliza dozi na homa iko palepale. 2001 serikali ikaiondoa ikaweka dawa ya SP (Fansidar na ndugu zake), nayo haikukaa, ndo ikaja dawa mseto kuanzia mwisho wa 2006. Hakuna aliyeota ndoto kwamba klorokwini imekwisha, ilijulikana kwa sababu watoto walifuatiliwa baada ya kunywa dawa kama anavyofuatiliwa wako. Wakikuta dawa inashindwa kwa wagonjwa 10 au zaidi katika kila 100, WHO wanasema ibadilishwe.

Na safari hii kuna sababu ya kuwa macho. Jirani zetu Kagera, hasa upande wa Karagwe, wamekuta vimelea vyenye badiliko la kijenetiki linaloitwa R561H, lilelile lililoonekana Rwanda, linafanya artemeta, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto, ichelewe kuua vimelea, siku ya tatu bado unavikuta kwenye damu. Wagonjwa wengi bado wanapona maana dawa ya pili iliyomo kwenye mseto inamalizia kazi, ila siku na hiyo ya pili ikichoka tutakuwa hatuna ukuta. Kagera na Kigoma tumepakana, watu na mizigo wanapita kila siku, mbu nao hawasimami kwenye mpaka wa mkoa. Ndo maana hiyo siku ya mtondo, siku ya tatu, usiikose hata kama mtoto anacheza.

Karatasi: ni karatasi maalumu ya kukaushia damu, matone machache tu. Mtoto akikutwa na vimelea siku ya 20 na kitu hujui kama ni vilevile vya mwanzo vilivyokwepa dawa au kang'atwa na mbu mwingine juzi, huku kwetu vyote vinawezekana. Wanalinganisha vinasaba vya vimelea vya leo na vya siku hiyo. Vikifanana dawa imeshindwa, visipofanana ni malaria mpya. Bila karatasi hiyo tungeisingizia dawa bure, au tungeisifia bure.

mtoto_wa_Kibirizi

Tabibu nimekuelewa ila hujanijibu. Hayo majibu ya 2016 unayosema, watu wa Ujiji nani aliwaambia? Mimi nimezaliwa hapa nayasikia leo kwako.

Tabibu_Mwandiga

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia na sitetei mtu. Majibu yanaenda wizarani, yanachapishwa kwa Kiingereza, yanabadilisha mwongozo wa matibabu, ila mama aliyeleta mtoto mara nane hapati hata kikao cha nusu saa. Hilo ni kosa, na kudai ni haki yetu. Kila utafiti wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili, cha kitaifa kinatolewa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na ukiwa ni wa majaribio ya dawa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) nao wanahusika. Kwenye fomu kuna namba za simu za mtafiti na za kamati ya maadili. Piga, uliza majibu yatarudishwaje kwa mtaa. Na kwa ile ya kichocho nendeni na mwenyekiti wa mtaa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, hakuna anayeingia shuleni kuchukua mikojo ya watoto bila ofisi ile kujua.

Mzee_wa_Urambo

Salaam wanangu. Mimi niko Tabora, nimesoma hapa nikaona nami niseme kidogo kwa sababu nyie mnazungumzia malaria ambayo ina dawa, sisi huku porini tuna malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o.

Mdogo wangu alikuwa mrina asali, analala msituni wiki nzima, mbung'o wanamla. Akaanza homa, baadaye akawa anasinzia mchana, usiku anatembea anaongea peke yake, watu wakasema amerogwa. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Dawa iliyokuwepo ni melarsoprol, sindano ya kwenye mshipa, ndani yake kuna aseniki, sumu ile ile mnayoijua. Inachoma mshipa mpaka mtu mzima analia, na katika kila wagonjwa 20 inaua kama mmoja, dawa yenyewe, si ugonjwa. Daktari alituambia hivyo kabla ya kuanza, tukakubali kwa sababu malale yetu ya huku mashariki inaua ndani ya miezi, haisubiri. Mdogo wangu alipona, ila wa kitanda cha pili yake hakupona.

Miaka nenda rudi dawa ilikuwa ni hiyo hiyo kwa sababu wagonjwa ni wachache na ni maskini, nani atatafuta dawa ya mrina asali wa Urambo? Ikaja kupatikana ya vidonge, feksinidazoli, siku kumi, unakunywa na chakula. Kwanza ikakubaliwa kwa malale ya kule Kongo, ya kwetu ikabidi ipimwe peke yake, ikapimwa Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45, Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaikubali, 2024 WHO wakaiingiza kwenye mwongozo kwa wenye miaka 6 na kilo 20 kwenda juu. Hebu fikirini hao 45. Mtu amechanganyikiwa hajijui, ndugu zake ndio wanaambiwa kuna dawa ya zamani yenye sumu na kuna mpya haijathibitishwa kwa ugonjwa wenu, mnasemaje? Wakakubali. Leo mtoto wangu akiumwa malale sitaki kusikia habari ya aseniki, na hilo nimelipata kwa watu wa Rumphi huko Malawi nisiowajua.

Mama Nasra, mimi ningemwacha mtoto aendelee. Lakini mama mkwe usimwache nyuma, kesho nenda naye.

MamaNasra_Ujiji

Shikamoo mzee wangu, asante sana, nimemsomea mama mkwe maneno yako yote na ya tabibu. Kanyamaza, kisha kauliza swali ambalo hata mimi sina jibu: kwanini wanachukua watoto? Si wangepima kwa watu wazima, au huko huko kwao wanakotoka? Halafu mwanangu jioni hii katapika, ilikuwa dakika chache tu baada ya kumpa kidonge cha pili nyumbani, nifanyeje?

nesi_Kasulu

Dada, la kutapika kwanza. Akitapika ndani ya nusu saa dozi inarudiwa nzima, piga namba iliyo kwenye fomu SASA HIVI uwaambie, wakupe cha kurudishia, wala usikopeshe kidonge cha kesho. Ukimpa tena mpe na kitu chenye mafuta kidogo, uji wa karanga au maziwa, dawa mseto tumbo tupu haiingii vizuri mwilini. Na usiku huu ukiona degedege, au anatapika kila kitu, au hawezi kunywa, au amelegea haamki vizuri, usisubiri asubuhi, mbebe.

Swali la mama ni zuri na mwambie hivyo. Mtu mzima wa Kigoma ameugua malaria mara nyingi, mwili wake umejenga kinga, hata dawa dhaifu atapona nayo na utadhani dawa ni nzima. Mtoto chini ya miaka mitano kinga hiyo hana, kwake dawa inasimama peke yake. Na huko kwao malaria hakuna, wangepima kwa nani?

Tena nimpe na mfano mwingine maana huu uliniuma. Zamani mtoto akija na homa kali, mikono ya baridi, anahema, vitabu vilisema mfungulie dripu ya maji mengi kwa haraka, na mwongozo huo ulitokana na hospitali zenye mashine za kupumulia na daktari pembeni ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuupima kwa watoto wetu. Ulipokuja kupimwa Uganda, Kenya na hapa Tanzania kule Muheza, watoto 3,141, majibu yalitoka 2011: waliofunguliwa maji mengi, ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila 100, ambao hawakufunguliwa walikuwa 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Yani kitu ambacho kila mtu alikuwa na uhakika nacho ndo kilikuwa kinaongeza vifo, na tusingejua mpaka leo kama wazazi wale wasingekubali. (Wa kuharisha hawakuwemo humo, mtoto wa kuharisha maji ni dawa, msije mkachanganya.) Hata ile sindano ya artesuneti tunayochoma malaria kali badala ya kwinini, Korogwe na Muheza walishiriki kuipima, majibu yakatoka 2010.

Kwahiyo mwambie mama hivi: kitu kisipopimwa kwa mtoto wa hapa, mtoto wa hapa anatibiwa kwa kubahatisha.

MamaNasra_Ujiji

Nimepiga, wamepokea, wamesema wanakuja na pikipiki kuleta kidonge. Mama mkwe anakoroga uji. Kesho tunaenda wote wawili na anataka asomewe fomu upya kuanzia mstari wa kwanza, na kuna sehemu ya kuweka alama kama unakubali damu itunzwe kwa tafiti za baadaye, ile mi niliweka ndiyo bila kufikiria, naruhusiwa kubadilisha?

Tabibu_Mwandiga

Unaruhusiwa, na hiyo ni tofauti na kubaki kwenye utafiti. Waambie unataka kubadilisha kipengele cha kutunza sampuli, waandike hapana, uweke saini na tarehe kwenye nakala zote mbili. Kabla hujaamua waulize sampuli itatunzwa wapi, kwa miaka mingapi, na ikitoka nje ya nchi ni kwa mkataba gani, huwa kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na wanatakiwa waweze kukueleza.

mtoto_wa_Kibirizi

Na uwaulize majibu yatasomwa wapi na lini, kwa Kiswahili. Ukipata tarehe iandike hapa, mi nakuja na watu wa Kibirizi.