MJADALA: Fidia ya bima ikishatua benki, nyumba yako inaezekwa lini?

Mwana Chumbageni (mwanzisha mada)

Assalaam aleykum, na habari zenu watu wa Tanga, mlio mjini na mlio mbali. Naileta mada hii kwa sababu naona watu mtaani wanakwama mahali palepale, na kila mmoja anadhani ni mkosi wake peke yake.

Umechukua mkopo wa nyumba. Hati iko benki, na benki imekutaka ukate bima ya moto na maafa. Sawa. Nyumba inapatwa na janga, iwe hitilafu ya umeme au upepo uliong'oa mabati. Kampuni ya bima inakuja, inapima hasara, inalipa. Ila haikulipi wewe, inailipa benki, maana ndivyo sera ya bima ilivyoandikwa. Tangu hapo pesa ni yako kwa jina tu.

Shemeji yangu wa Sahare yumo humo sasa hivi. Moto ulianzia kwenye swichi ya jikoni ukala kenchi za upande wote wa nyuma. Bima ikalipa milioni 18, na haikuchelewa, haki yao tuwape. Pesa imeingia benki kabla ya masika. Benki ikasema leta makadirio ya fundi. Akapeleka. Ikasema hapana, yawe ya mkandarasi aliyesajiliwa. Akapeleka. Ikasema basi tunamsubiri mthamini. Mthamini hakuonekana mpaka mvua ikashusha dari za vyumba ambavyo moto haukuvigusa kabisa. Na muda wote huo marejesho yanakatwa kila mwisho wa mwezi, riba 17 kwa mia, familia imepanga vyumba viwili Mikanjuni.

Swali: benki iwe na haki ya kuishika pesa hii? Kama ndiyo, mpaka lini? Msimamo wangu nautoa mapema msije mkanizunguka. Kushika waishike, lakini wapewe siku. Mkopaji ana tarehe ya kila kitu; akishindwa kulipa anapewa notisi ya siku 60 na siku zinaanza kuhesabika. Benki ikiikalia fidia yake, nani anaihesabia siku?

Afisa Mstaafu

Waaleykum salaam, kijana wangu. Umesema vizuri ila umesema upande mmoja. Mimi nimekaa kwenye mikopo mpaka nikastaafu, acha niseme wa pili.

Zamani kidogo tulikuwa tunamkabidhi mteja hundi yake na kumtakia heri. Fidia ya paa inalipwa, paa linabaki turubai, mlangoni zinasimama pikipiki tatu za bodaboda. Mwaka unaofuata bodaboda zimekufa na marejesho yamekoma. Tunakwenda kuuza rehani, dalali ananadi gofu. Deni milioni 40, gofu milioni 9. Hiyo tofauti unadhani ni pesa ya meneja? Ni akiba ya mama anayenunua samaki pale Deep Sea alfajiri na kuuza sokoni Mgandini. Benki inakopesha pesa za watu. Nyumba ndiyo dhamana, na nyumba ikiungua kilichobaki cha dhamana ni ile fidia. Mnataka tuiachie hivihivi?

Lingine mjue: mara nyingi tawi la Tanga halina la kuamua. Faili linapanda Dar, linakaa mezani kwa mtu ambaye Sahare haijui. Mnamgombeza binti wa kaunta bure.

Fundi Kenchi

Shikamooni wakubwa. Nyie mnaongea pesa, mimi niongee mbao.

Benki inasema itatoa kwa awamu: theluthi kwanza, waje wakague, theluthi tena, wakague, kisha umalizie. Kwa kuta na sakafu hiyo inakwenda. Paa halina theluthi. Ukishasimamisha kenchi na kupiga papi, zile mbao za kupigilia bati, lazima bati lifuate hapohapo. Ukiziacha kenchi wazi kusubiri mkaguzi, mbao zinalowa, jua la Tanga linazikausha kwa upande mmoja, zinajikunja. Ukija kupiga bati halilali sawa, msumari unaacha nafasi, na hapo umejenga paa linalovuja likiwa jipya. Mwenye nyumba anamlaumu fundi. Fundi kakosa nini?

Halafu profoma, ile karatasi ya bei unayopewa kabla ya kununua. Profoma ya duka la vifaa ina tarehe ya mwisho imeandikwa chini kabisa. Benki ikiidhinisha baada ya hapo, bati geji 28 limeshapanda bei na dukani hawakubali ile ya zamani. Inabidi profoma mpya. Profoma mpya inarudi benki, mzunguko unaanza upya. Kuna kazi moja Duga niliandika makadirio mpaka mwenye nyumba akawa ananikwepa njiani.

Na wengine ndio balaa zaidi: wanataka picha za kazi iliyokwisha ndipo watoe pesa ya kuifanya. Kwa hiyo uezeke kwanza ndipo upewe pesa ya kuezekea. Angekuwa nayo angekuja kwenu?

Mzee wa Barabara za Ngamiani

Mimi nawasikiliza tu. Nyumba yangu nimejenga chumba kimoja kimoja, tofali la leo na tofali la mwakani, na hati ninalalia. Mikopo ya nyumba nchi hii haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa, wengi wetu tumejenga hivyo hivyo na tunaishi. Mnajiingiza kwenye riba kisha mnashangaa. Jengeni polepole.

Mwana Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa, ila kwa shemeji yangu hilo limeshapita, mkopo keshachukua na nyumba keshaiunguza. Na nyumba ya mfuko wako ikiungua, mzee, bima hakuna, unaanza na tofali la kwanza. Tuiache hiyo, ni mjadala wake wenyewe.

Afisa, hoja ya bodaboda naikubali moja kwa moja. Ndiyo maana nikasema washike. Lakini umejibu kwa nini wanashika. Hukujibu kwa nini wanachelewa.

Mtanga wa Houston

Salaam kutoka Texas. Msidhani huku ni pepo. Bima ikilipia nyumba yenye mkopo, hundi kubwa inaandikwa majina mawili, lako na la kampuni ya mkopo. Huwezi kuipeleka benki yako bila wao kusaini nyuma. Unawatumia kwa posta, wanaiweka kwenye akaunti yao, wana kitengo kizima cha kazi hiyo peke yake. Na ni awamu hizohizo anazosema fundi, na mkaguzi huyohuyo asiyekuja. Mkopo wako ukiuzwa kwa kampuni nyingine katikati ya matengenezo, jambo la kawaida sana huku, unaanza kujieleza kwa mtu mpya.

Tofauti ni kwamba hasira za watu zimegeuzwa kifungu. Hapa Texas mkopeshaji akishapokea fidia ana siku 10 za kukujulisha masharti yote anayotaka utimize. Ukileta ushahidi kwamba umetimiza, ana siku 10 nyingine za kuachia pesa. Akipitiliza, anadaiwa riba. California nao, baada ya ile mioto ya Los Angeles ya Januari 2025, walitunga sheria mwaka huohuo kwamba fidia ikikaa kwa mkopeshaji, faida yake impate mwenye nyumba, angalau asilimia 2 kwa mwaka. Ni ndogo, lakini nani aliyewahi kuwaambia nyie kwamba pesa yenu ikilala benki inazaa, na inamzalia nani?

Mama wa Donge

Hapo kwa kuzaa nakuunga mkono, kaka. Mimi sili riba, wala siitaki hata hiyo asilimia 2. Ila nisipoila mimi, aile nani faida ya pesa yangu?

Langu ni hili. Mume wangu alipoweka nyumba rehani, benki haikumpa hata senti mpaka mimi nisaini. Sheria ya Ardhi inataka hivyo, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Nilikwenda, nikasomewa, nikaulizwa mara mbili kama nimelazimishwa, nikapigwa na picha. Vizuri kabisa. Nyumba ikaja ikapata hasara, bima ikalipa. Siku moja mume wangu anapata barua: pesa ya fidia imepelekwa kupunguza deni. Yaani paa liko wazi, deni limepungua, na mimi niliyesaini kwa heshima zote sikuulizwa na mtu. Saini yangu ilikuwa na thamani siku ya kuingia tu?

Wakili wa Majani Mapana

Dada, hilo ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyosemwa hapa, na wengi hawalijui. Kushikiwa fidia ni jambo moja; fidia kugeuzwa malipo ya deni ni jingine kabisa.

Sheria ya Ardhi ya 1999, kwenye masharti ya rehani, inamtaka mkopaji ahakikishe kuna namna ya kufidia hasara ya moto, na akikata bima, iwe kwa majina ya wote wawili, kwa thamani kamili ya majengo. Kwa hiyo benki kuwemo kwenye bima hakuna ujanja wowote, ni sheria. Ujanja unakaa kwenye mkataba. Mikataba mingi iliyopita mezani kwangu ina kifungu kinachoipa benki hiari: fidia itumike kutengeneza nyumba au kulipa deni, kwa uamuzi wa benki. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yamemkuta mumeo. Hiari hiyo mteja anaweza kuijadili kabla ya kusaini. Baada ya moto kazi inakuwa ngumu.

Na watu wanagonga mlango usio wao. Kampuni ya bima ikikataa kulipa au ikilipa pungufu, unakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Bima ikishalipa benki, hao hawana tena cha kukusaidia, ugomvi wako sasa ni na benki. Andika malalamiko kwa benki yenyewe, kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikupuuza au jibu halikuridhishi, ndipo Benki Kuu, wana utaratibu wa malalamiko ya wateja wa mabenki na kanuni za kumlinda mteja za mwaka 2019. Kwenda Benki Kuu bila ile nakala ni kujichosha.

Wakala wa Bima, Kange

Niongeze moja. Benki nyingi siku hizi ni mawakala wa bima wenyewe. Anayekukopesha ndiye anayekuuzia bima, anapata kamisheni yake, na sera anabaki nayo yeye. Mteja anakatwa ada kila mwaka, karatasi haijui rangi.

Matokeo yake wengine wamekatiwa bima ya kiasi cha deni, siyo thamani ya jengo. Nyumba ya milioni 80 imekatiwa milioni 40. Hasara ya milioni 20 ikitokea, mteja anategemea 20, analipwa 10, kwa sababu alikata bima ya nusu na bima inabeba nusu. Hapo bado hujatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara anayobeba mteja mwenyewe. Kisha hiyo 10 ndiyo inakwenda kukaa benki. Ombeni nakala ya sera yenu Jumatatu asubuhi.

Mwana Chumbageni

Wakala, hilo la nakala nimeshampigia shemeji. Sera hana.

Basi napendekeza tupeleke kwa wabunge wetu na Benki Kuu kitu kama cha Texas. Siku 10. Na kazi za paa zilipwe kwa mkupuo mmoja kwa duka la vifaa, wala mteja asiiguse, kama wanaogopa bodaboda. Duka lipeleke mbao na bati saiti, fundi apige, mkaguzi aje akague paa zima.

Fundi Kenchi

Hapo kwa kulipa duka moja kwa moja nimeelewa. Ila ufundi nao mjue unalipwa, msije mkaleta bati mkanisahau mimi.

Afisa Mstaafu

Kulipa duka ni jambo zuri, hata sisi tulilifanya kwa wateja wachache na halikutusumbua. Lakini siku 10 zako, kijana, benki itazikwepa bila kutoa jasho. Zinaanza kuhesabiwa lini? Utaambiwa "vielelezo vikikamilika". Na vielelezo havitakamilika. Leo itatakiwa barua ya serikali ya mtaa, kesho cheti cha mkandarasi, keshokutwa picha za kabla ya moto. Kila karatasi inarudisha hesabu kwenye sifuri. Nawaambia kwa sababu najua zinavyoandikwa hizo barua.

Mwana Chumbageni

Ndiyo maana yule wa Houston kasema masharti yote, kwa pamoja, mwanzoni. Orodha moja, kwa maandishi, siku pesa inapoingia. Kisichokuwemo kwenye orodha hakidaiwi tena. Mthamini wao akichelewa, ucheleweshaji ni wao, na riba ya mkopo kwa kiasi cha fidia waliyoikalia isimame. Hiyo ya kusimamisha riba hata Mama wa Donge hawezi kuikataa, maana hapo hakuna anayekula riba.

Afisa Mstaafu

Orodha moja naiunga mkono hata kesho. Riba kusimama, hapana, hapo tutagombana mpaka jioni. Nani atathibitisha nani kachelewa?

Mama wa Donge

Muhuri wa kupokelewa aliousema wakili utathibitisha. Na kwenye orodha yenu andikeni hili pia: fidia isipelekwe kwenye deni bila saini ya mwenza. Mlinipiga picha siku ya kuweka rehani, mnaweza kunipiga tena.