Mkiilisha mashine OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, itatuletea msako uleule Majengo

Jamani nimechoka. Kila vijana wa mapanga wakivamia watu Kisauni, Mombasa, lazima atokee mtu hapa aseme polisi waletewe ile programu ya kutabiri uhalifu utatokea wapi. Na watu wanampigia makofi! Mmoja ameandika kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Hebu tuulizane: itatabiri kwa kutumia nini?

Programu hizo hazina jini ndani. Zinalishwa kumbukumbu za polisi: kosa gani, wapi, saa ngapi, na nyingine hadi nani alikamatwa. PredPol ya Marekani iliazima hesabu za mitetemeko inayofuatia tetemeko la ardhi, ikawa inawachorea polisi miraba ya kama mita 150 kwa 150 kwenye ramani: leo piteni hapa. Haya, chukua kumbukumbu za Mombasa. Bangi inavutwa Majengo na inavutwa Nyali. Ya Majengo imo kwenye OB kwa sababu landrova haiishi kupita maskani. Ya Nyali iko nyuma ya geti na bawabu, nani ataiandika? Basi mashine itasema uhalifu uko Majengo, gari litatumwa Majengo, watazolewa wengine, wataandikwa, na kesho mashine itaonekana imebashiri sawasawa.

Na yale ambayo hatuyapeleki kituoni? Mama anaporwa simu Kongowea alfajiri, ukimwambia akaripoti anakucheka, maana anajua ataambiwa gari halina mafuta. Wizi wake haumo kitabuni, kwa hiyo kwa mashine haukutokea.

Mtoto wa dada yangu alizolewa kwenye msako, amekaa barazani na wenzake wanakunywa kahawa. Asubuhi akaachiwa, hakuna shitaka, hakuna mahakama. (Pesa ilitoka, hilo mnalijua wenyewe.) Jina lake limebaki kitabuni mpaka leo. Nani atalifuta kabla halijaingizwa kwenye kompyuta?

Chicago walikuwa na orodha ya namna hiyo, ya watu wanaodhaniwa watapiga risasi au watapigwa. Ikavimba hadi karibu watu 400,000, kila mmoja na alama zake za hatari. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipoichunguza ile ya awali, ripoti yake ya 2016 ilisema kuwemo orodhani hakukumwongezea wala kumpunguzia mtu hatari ya kupigwa risasi. Kilichoongezeka ni nafasi yake ya kukamatwa. 2019 wakaiacha. Los Angeles, PredPol ilikoanzia, polisi waliachana nayo 2020, na mwaka huohuo Santa Cruz wakapiga marufuku mambo hayo mjini kwao. Wenyewe wameivua, sisi ndio tuivae kama mtumba?

Kuna atakayesema tuna sheria. Ndiyo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo yake na kompyuta peke yake. Vizuri sana. Sasa wewe umekalishwa chini Mwembe Tayari saa saba usiku, hebu mtajie afisa kifungu cha 35 tuone. Atakwambia kompyuta haikuamua kitu, aliyeamua ni yeye. Na hapo atakuwa na hoja, ndiyo maana naogopa zaidi.

Sisemi wenye mapanga waachwe. Waliokatwa ni ndugu zetu, na wengi wanajua wavamizi wanakaa wapi bila ramani yoyote. Wananyamaza kwa sababu wakitoa jina jioni, usiku mwenye jina anajua nani kamtaja. Hiyo programu italiziba vipi tundu hilo?

Kwa hiyo mnaoitaka, mje na majibu: italishwa kitabu cha nani, majina ya walioachiwa bila shitaka yatafutwa na nani, na nani ataikagua. Na wewe ndugu uliyeandika kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa, tuambie kwanza unakaa mtaa gani.