Fundi wa maturubai mnayemjua wote kaniulia plastiki ya nyuma, halafu ananiuliza "kwani ulikuwa unaona nini?"

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, vidole vinatetemeka.

Jina simtaji, hakuna haja. Yule wa chini ya mwarobaini, mwenye redio, kila kitu kwake ni "hiyo ndogo, bosi". Nusu ya Dar imeshalia kwake, nusu nyingine ipo kwenye foleni.

Gari yangu ni Eunos Roadster, ile Mazda MX-5 ya kwanza yenye taa za kuchomoza na paa la turubai la kushusha. Nyuma ya turubai haina kioo, ina plastiki inayofungwa kwa zipu. Jua limeifanya njano, ukungu kidogo, lakini ilikuwa INAONYESHA. Nikamwelekeza: hii ni PVC, ni laini, siyo kama taa. Ioshe kwa sabuni mchanga utoke, kisha polishi ya plastiki na kitambaa laini, taratibu. "Hiyo ndogo, bosi."

Nageuka kununua maji, kurudi nakuta kashika msasa. Msasa wa kukwangulia puti ya bodi! Mkavu! Mkono wa pili ana thinna. Thinna kwenye PVC! Imejikunja, imekuwa nyeupe kama maziwa mgando. Trafiki akinisimamisha atadhani nimebeba maiti. Napiga ukunga, na yeye bila hata kupunguza redio: "Kwani bosi, nyuma ulikuwa unaona nini?"

Ulikuwa unaona nini! Mimi! Kwenye gari yangu! Halafu ili anionyeshe turubai bado zima, akalishusha bila kufungua zipu. Plastiki ikalia krrr, ufa mzima mzima. Na hela ameshaweka mfukoni. Kwani nilikuwa naona nini!!

Spana Mkononi: Pole mkuu, ila swali la fundi hujalijibu. Ulikuwa unaona nini?

Bint Chumbageni: Shusha paa, utaona nyuma mpaka Kibaha.

Kobe Mzee: Toleo la 1998 waliweka kioo cha kweli chenye nyaya za kuondoa ukungu. Uza hilo kopo.

Mleta mada: SIUZI. Hoja siyo gari, hoja ni alichonijibu!

Mama Aisti: Huyo huyo alinisugulia taa za IST kwa dawa ya meno. Ziling'aa, nikamsifia hadi kwa majirani. Kumbe kaondoa lile tabaka la kuzuia jua na hakupaka jingine. Sasa hivi njano kuliko mwanzo.

Spana Mkononi: Dawa ya meno ipi, ya chumvi au ya karafuu?

Dere wa Bajaji: Nyie mnalilia taa. Sisi plastiki za pembeni zimekuwa ukurutu, mvua ikinyesha abiria analoa na nauli anakata.

Bint Chumbageni: Bajaji kaeni kimya. Mmoja wenu kaninyofolea saiti mira pale Mwenge, akasema "samahani dada", akapenya.

Kobe Mzee: Fuata Kariakoo, ila angalia usiuziwe ya kwako mwenyewe.

Bint Chumbageni: Shilingi ngapi siku hizi?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu kaniambia "ulikuwa unaona nini".

Mama Aisti: Inategemea dada, ya kujikunja au ya kawaida?