MREJESHO: Jiko jipya la kuni lililokuwa linarudisha moshi ndani

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini jiko langu jipya la chuma linajaza moshi chumbani na kioo cha mlango kinakuwa cheusi. Nashukuru, nimepona.

Kosa la kwanza ni kuni. Nilidhani zimekauka kwa kuwa zilikuwa kavu juu; nilipopasua moja na kupima katikati, unyevu ulikuwa 31%. Zinatakiwa chini ya 20. Nimepata zilizokaa muda mrefu, hata mlio wake zikigongana ni tofauti.

La pili, nilikuwa nafunga hewa mapema ili kuni zidumu. Kumbe moto unaofukuta ndio unaopaka masizi kwenye bomba, na masizi hayo yakishika moto ni balaa. Sasa nawasha kutokea juu: magogo chini, vijiti juu yake, tundu la hewa wazi kabisa. Bomba likiwa baridi, naanza na karatasi moja kulipasha.

Majivu nayaweka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje. Kengele ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto) nimefunga pia (mke wangu aling'ang'ania, na alikuwa sahihi). Kilichobaki ni harufu ya rangi ya jiko jipya, inapungua kila nikiwasha.