Kikundi: VOLIBOLI MWANGA, WAGENI WA JUMAMOSI

*Jumanne*

[06:14] Mama Nuru Katibu: Mmeamkaje wanakikundi. Wageni wanaingia Ijumaa. Bujumbura wanapita Manyovu, Kalemie wanakuja kwa boti. Ukiweka Kasulu na sisi wenyewe, klabu nne za wanaume, nchi tatu. Humu ndani tuko 61, waliochanga ni 7. Sitaki kutaja majina.

[06:15] Mama Nuru Katibu: Nikianza kutaja, wa kwanza ana pikipiki mpya.

[06:52] Dogo Iddi: 😂😂 Shabani amka unaitwa

[07:31] Shabani Fundi: Pikipiki ya mkopo jamani. Mimi nimeshajitolea kusimamisha nguzo, na hilo nalo si mchango?

[07:33] Mama Nuru Katibu: Ni mchango. Elfu tano pia ni mchango.

[08:10] Kocha Ramadhani: [Picha] Jezi hizo zimefika. Vijana wajaribishe leo jioni.

[08:26] Mama Tatu: Kocha samahani. Nahesabu bluu 11 na njano 1. Tuliambiwa sare. Hiyo njano ya nani?

[08:29] Kocha Ramadhani: Ya libero.

[08:29] Mama Tatu: Ndiyo nani huyo? Simjui hapa mtaani

[08:30] Dogo Iddi: Mgeni. Kapanga kwa Mama Zawadi 😂

[08:37] Kocha Ramadhani: Mama Tatu, libero ni yule anayekaa nyuma kupokea mipira migumu. Sheria inataka avae rangi yake ili refa amwone anapoingia na kutoka. Haruhusiwi kuzuia pale wavuni wala kushambulia mpira ulio juu ya wavu.

[08:41] Mama Tatu: Kwa hiyo hazuii, hashambulii, na jezi ananunuliwa ya peke yake.

[08:42] Dogo Iddi: Huyo ni shemeji yangu kabisa. Kazi yake kupokea

[08:50] Mwalimu Neema: Mama Tatu, hata Trentino ya Italia ina libero. Wale wamebeba ubingwa wa dunia wa klabu mara tano.

[08:51] Mama Tatu: Basi Trentino wachange.

[09:15] Mama Nuru Katibu: Tumemaliza ya jezi? Wageni wa nchi mbili ni 26 ukiweka makocha. Madarasa ya kulala tumepewa. Magodoro yako 15. Na WAVU HATUNA. Nasubiri majibu.

[11:40] Mama Nuru Katibu: Nasubiri majibu.

[13:05] Mama Nuru Katibu: Naona alama za bluu. Mnasoma.

[13:22] Dogo Iddi: Ule wa zamani si upo?

[13:24] Mama Tatu: Haya. Nilikuwa nangoja nani ataanza.

[13:25] Mama Tatu: Ule tulichanga wote, hata mimi nisiyejua libero. Ukapanda gari kwenda Kasulu na watu tunaowajua. Watu walirudi.

[13:31] Baba Shukuru: Mama Tatu nitaje tu jina. Niliurudisha na nikaukabidhi.

[13:31] Mama Tatu: Kwa nani?

[13:36] Baba Shukuru: Ujumbe huu umefutwa

[13:38] Mama Tatu: Mnaona?

[13:44] Jirani wa Gungu: Sisi tulisikia wavu huo unavulia dagaa Kibirizi

[13:47] Shabani Fundi: Hapo mmekosea. Tundu la wavu wa voliboli ni sentimita 10 kwa 10. Dagaa wa Kigoma atapita na familia yake yote wameshikana mikono

[13:48] Dogo Iddi: 😂😂😂😂 na mizigo

[13:59] Mwalimu Neema: Hata hayo mashindano ya klabu ya dunia yalianza 1989, baada ya yale ya 1992 yakasimama mpaka 2009. Na wale hawakuwa wamegombania wavu. Sisi tuna miaka mingapi vile?

[14:02] Mama Nuru Katibu: Mwalimu asante, lakini sijauliza historia. Nimeuliza magodoro 11.

[14:20] Mama Zawadi: Mimi ninalo moja ila mtoto ameshalikojolea

[14:21] Dogo Iddi: Hilo apewe libero

[20:41] Mzee Mavunja: Wanangu. Mjukuu amenisomea yote mliyoandika tangu asubuhi. Wavu ule alikabidhiwa marehemu Issa. Akauuza, akamlipia mama yake kitanda cha hospitali. Aliniambia mwenyewe kabla hatujamzika. Baba Shukuru alikuwa anajua. Miaka yote hii amebeba maneno yenu ili nyinyi msimseme marehemu. Nisisikie tena habari ya wavu ule.

*Jumatano*

[05:58] Baba Shukuru: Shikamoo Mzee.

[06:20] Mzee Mavunja: Marahaba.

[09:03] Kasimu wa Issa: Shikamoo Mzee Mavunja. Nimesoma.

[09:10] Kasimu wa Issa: Katibu, boti ya Kalemie inashusha Kibirizi au Ujiji? Gari langu linabeba watu kumi, nitawafuata.

[09:34] Mama Nuru Katibu: Asante sana Kasimu. Nitauliza nikujibu.

[12:17] Mama Tatu: Nimetuma elfu kumi. Tano ya jezi, tano si lazima iandikwe.

[12:40] Mama Nuru Katibu: Imeingia.

[15:05] Shabani Fundi: Nguzo zimesimama. Kamba ya juu itakaa mita 2.43 kama kocha alivyosema, nimepima kwa futi.

[15:09] Dogo Iddi: 2.43?? Siku zote tulikuwa tunacheza na wavu wa kidevuni, ndiyo maana kila mtu alikuwa mpigaji

[15:12] Kocha Ramadhani: Kuanzia leo tutawajua wanaoruka.

[16:30] Baba Shukuru: Nitaleta chokaa ya mistari.

*Alhamisi*

[07:12] Kocha Ramadhani: Kalemie wameandika wanafika kesho saa 10.

[07:13] Mama Nuru Katibu: Jioni? Basi chakula cha mchana tunafuta, tunaweka cha usiku. Mama Zawadi usisonge ugali mapema.

[07:40] Mwalimu Neema: Katibu subiri. Wameandika 10h. Kule hiyo ni asubuhi, wanahesabu kama Wafaransa. Na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ni saa tano asubuhi.

[07:41] Mama Nuru Katibu: Rudisha ugali.

[07:55] Mama Zawadi: Wa muhogo au wa mahindi? Na mboga ni migebuka au maharage? Niambieni moja nisipike mara mbili

[07:56] Dogo Iddi: Migebuka

[07:56] Jirani wa Gungu: Migebuka

[07:56] Shabani Fundi: Migebuka ya kuchoma, mawese pembeni

[07:58] Mama Nuru Katibu: Kumbe mko hewani! Nilipouliza magodoro mtandao ulikuwa umekatika.

[08:20] Mwalimu Neema: Tuwakumbushe pia hati za kusafiria. Kongo wako Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 lakini uhamiaji hawatampokea mtu aliyesahau begi kwenye boti.

[10:48] Kocha Ramadhani: Bujumbura nao wanasema bado wanatafuta mafuta ya gari. Foleni ya kule tunaijua. Wakikosa leo wataingia Jumamosi alfajiri na mechi ya kwanza ni yao.

[10:50] Mama Nuru Katibu: Kasulu waanze na sisi basi.

[10:52] Kocha Ramadhani: Kasulu wamegoma, wanasema ratiba imeshatoka.

[10:53] Mama Nuru Katibu: Ratiba nimeitoa mimi!

[14:16] Shabani Fundi: Wavu wa kuazima nimeupata. Ila una mita 8.

[14:17] Kocha Ramadhani: Uwanja una upana wa mita 9.

[14:17] Shabani Fundi: Najua.

[14:25] Dogo Iddi: Tupunguze uwanja

[14:26] Kocha Ramadhani: Iddi wewe jezi urudishe.

[14:40] Baba Shukuru: Shabani nilete nyuzi? Tuuongeze pembeni usiku huu, mita nusu kila upande.

[14:51] Shabani Fundi: Na taa. Njoo na taa.

[18:33] Mama Nuru Katibu: Mpaka sasa magodoro 19. Michango watu 23. Bujumbura hawajapokea simu. Kasimu, boti ni Kibirizi, wamethibitisha. Nani anakwenda kuchukua masufuria kwa Mama Zawadi? Nasubiri majibu.

[21:07] Mama Nuru Katibu: Nasubiri majibu.

[21:30] Jirani wa Gungu: Samahani nilikuwa nje ya mtandao, hizo timu zinakuja lini?