Nyumbani hapakaliki, nawakumbuka watu: naombeni ushauri

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Tangu nianze kufanyia kazi nyumbani nimekuwa mtu wa kuzunguka chumba hadi chumba. Kazi inaenda, siumwi, usingizi napata. Lakini ikifika alasiri mwili unagoma kukaa. Nafungua mlango, nachungulia nje, narudi ndani. Nashika simu, napitia picha za watu, naiweka, kisha naishika tena. Wala sitamani sherehe. Natamani sauti za watu tu, mtu apite aulize nimeamkaje. Kazini kulikuwa na wenzangu waliobishana mpira asubuhi nzima mpaka wananikera. Siku hizi hata ule ubishi naukumbuka.

Naishi peke yangu. Ndugu wako mbali, tunapigiana simu, ila tukishaagana nyumba inazidi kuwa kimya. Marafiki wa zamani wana familia zao na naona haya kuwasumbua. Je, huu ni ugonjwa, ni uvivu, au ni hali ya kawaida? Nianzie wapi?

Mbayuwayu
Pole sana mkuu. Uvivu hapo sioni. Mwaka 2020 Livia Tomova na wenzake wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani walichapisha utafiti ambao watu walikaa peke yao kwa saa 10, bila kuonana na mtu na bila mitandao ya kijamii. Siku nyingine watu hao hao walikaa saa 10 bila kula. Baadaye walipimwa ubongo huku wakionyeshwa picha. Sehemu ya ubongo iliyoamka kwa mwenye njaa alipoona chakula ndiyo iliyoamka kwa aliyekaa peke yake alipoona watu walio pamoja. Na hizo ni saa 10 tu, wewe unakaa hivyo siku hadi siku. Mwili wako unadai haki yake, usiutukane.

Nahodha wa Jahazi
Mkuu, oa. Ukiwa na mwenzako ndani hayo mawazo yatapungua.

Mama Pacha
Nahodha, nakuheshimu ila hapo sikubaliani nawe. Mimi nina mume mwema na watoto, nyumba yangu haina ukimya hata dakika moja, na hali anayoieleza mdogo wangu huyu niliipata vilevile nilipoacha kazi ili nilee. Nilikuwa nasimama dirishani naangalia wapita njia. Mume ni mume. Huwezi kumtaka awe pia jirani, mfanyakazi mwenzako, na yule mtu unayesalimiana naye kila asubuhi bila hata kumjua jina. Kila mmoja wa hao ana nafasi yake moyoni. Tena limechunguzwa: Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha mwaka 2014 kwamba hata mazungumzo madogo na watu tusiowajua sana huongeza furaha ya siku. Akioa kwa sababu ya upweke, huyo binti atabebeshwa mzigo wa watu ishirini.

Kaka, kilichonisaidia ni darasa la kushona. Usidhani ni kwa sababu ya kushona. Ni kwa sababu lilikuwa na siku yake na saa yake, na wanaokuja ni wale wale. Nisipoonekana, mtu anauliza niko wapi. Tafuta kitu cha namna hiyo, iwe kwaya, mazoezi, au kujitolea mahali. Usingoje mwaliko, maana mialiko huja na kukatika, ila ratiba ipo hata siku ambayo moyo hautaki.

Mleta mada
Asante sana Mama Pacha, umenigusa. Swali langu ni hao marafiki wa zamani. Tumepoteana muda mrefu. Nikiwatafuta leo si wataona nina shida?

Tausi
Hapana. Peggy Liu na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2022 na wakakuta kwamba anayemtafuta mwenzake hudhani ujumbe wake hautathaminiwa sana, kumbe anayeupokea huuthamini kuliko alivyodhaniwa. Tena hufurahi zaidi pale asipoutarajia. Ila usiandike "tutafutane siku moja." Siku moja haipo kwenye kalenda. Andika: "Nimekukumbuka. Jumamosi asubuhi nitapita hapo kwenu nusu saa, nitakukuta?" Mwenye familia hujibu haraka akijua muda gani na kwa kiasi gani.

Na uwe na subira. Mtafiti Jeffrey Hall alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wasiojuana huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili wawe wa karibu. Ukitoka darasani wiki ya kwanza bila rafiki, hujashindwa, ndiyo kwanza saa zimeanza kuhesabika.

Mbayuwayu
Naongeza moja. Usingizi ukikata, chakula kikakosa ladha, na ukaona wiki mbili zinapita hufurahii chochote, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha. Hiyo ni hali nyingine na ina matibabu yake.

Mleta mada
Wakuu, nimemwandikia mmoja kama Tausi alivyosema. Amejibu hapo hapo: "Njoo mapema, watoto wanaamka saa kumi na mbili." Jumamosi naenda. Kuhusu darasa, nimeamua kwaya. Mama Pacha, siku ya kwanza nitakuwa simjui mtu hata mmoja. Niingieje?

Mama Pacha
Fika kabla ya wenzako, uombe kusaidia kupanga viti. Kila anayeingia atakusalimu, na hutakuwa umesimama pembeni hujui mikono uiweke wapi. Shika jina la mtu mmoja tu siku hiyo, wiki ijayo umwite kwa jina lake. Na wiki ijayo uende, hata kama hii ya kwanza hukupata wa kuongea naye.